Waliokuwa Krete Kabla ya Theseus: Niliyojifunza Katika Kuandika Upya Kisasili cha Minotaur

Anayeamua kuandika riwaya juu ya kisasili cha Wayunani wa kale hukutana mapema na swali ambalo wasomaji wake wa kwanza hawachoki kumuuliza: je, haya yalitokea kweli? Nami niliulizwa hivyo tangu nilipoanza kusimulia upya habari za vijana wa Athene waliopelekwa kisiwa cha Krete kuliwa na Minotaur, na muda wote niliokaa na kazi hiyo umenionyesha kwamba swali hilo ni halali kabisa, lakini jibu lake limejificha mbali na pale wengi wanapolitafuta.

Kwa wasioikumbuka, habari yenyewe ni hii. Androgeos, mwana wa Mfalme Minos wa Krete, aliuawa katika nchi ya Athene. Minos akaja na merikebu zake, akaibana Athene mpaka ikakubali kutoa kodi ya watu: kila baada ya miaka 9, wavulana 7 na wasichana 7 wapakiwe chomboni na kupelekwa Krete. Huko waliingizwa katika jumba la vichochoro lililojengwa na fundi Daedalus, ambalo aliyeingia hakuijua njia ya kutokea, na ndani yake aliishi Minotaur, kiumbe mwenye mwili wa mtu na kichwa cha fahali, aliyezaliwa na Malkia Pasiphae kwa fahali aliyeletwa kutoka baharini na mungu Poseidon. Ilipofika kodi ya tatu, Theseus, mwana wa mfalme wa Athene, alijiunga na wanaopelekwa. Ariadne, binti Minos, akampa uzi wa kumwongoza. Akamuua yule kiumbe, akatoka, akang'oa nanga pamoja na wenzake.

Wayunani wenyewe walikwisha kuitilia shaka habari hii zamani sana. Katika karne ya 4 KK aliandika mtu anayejulikana kwa jina la Palaephatus, ambaye kazi yake ilikuwa kuchukua visasili kimoja kimoja na kueleza jambo la kawaida ambalo, kwa maoni yake, lilikuwa nyuma ya kila kimoja. Actaeon, anayesemekana kuraruliwa na mbwa wake, kwake yeye alikuwa mwindaji aliyetelekeza mali yake kwa ajili ya kuwinda mpaka akafilisika. Minotaur naye hakuwa na pembe: Pasiphae alimpenda kijana mzuri aliyeitwa Taurus, jina lenye maana ya fahali, akazaa naye. Mwandishi Plutarch, aliyeandika maisha ya Theseus miaka ipatayo 400 baadaye, anamtaja mwanahistoria Philochorus aliyesema kwamba watu wa Krete wenyewe waliliita lile jumba gereza tu, na kwamba vijana wa Athene walitolewa kuwa zawadi kwa washindi wa michezo, na mshindi mkubwa alikuwa jemadari mmoja mkatili aliyeitwa Taurus.

Nilijaribu kuandika sura moja kwa kufuata njia hiyo ili nione itanifikisha wapi. Jemadari alikuwepo, gereza lilikuwepo, michezo ilikuwepo, na kila jambo liliaminika. Ila hofu iliyokifanya kisasili hiki kidumu zaidi ya miaka 2,500 haikuwepo popote. Mwanafalsafa Plato anasimulia jinsi mwalimu wake Socrates alivyoulizwa kandokando ya mto Ilissos kama anaamini kwamba upepo wa kaskazini, Boreas, ulimnyakua binti Oreithyia. Socrates akajibu kwamba angeweza kujifanya mjuzi na kusema binti yule alisukumwa na upepo akaanguka kutoka mwambani, lakini akianza hivyo itambidi awanyooshe pia Centaur, na Chimaera, na umati wa viumbe wengine wa ajabu wa namna hiyo, kazi inayotaka mtu mwenye nafasi nyingi mno, na yeye bado hajaijua nafsi yake mwenyewe. Wengi husoma maneno hayo kama mzaha. Mimi nayachukua kuwa onyo la dhati kwa waandishi: maelezo yanayokifanya kisasili kiwe kidogo kuliko kilivyokuwa hayajakaribia ukweli wake.

Njia nyingine niliipata katika masimulizi niliyokua nayo. Nimelelewa katika mji wa pwani ambako watoto tulionywa tusizurure jioni kwa sababu ya mumiani, watu ambao, kwa tulivyoambiwa, huwakamata wenzao na kuwanyonya damu ili itengenezewe dawa ya wakubwa. Enzi za ukoloni hofu hiyo ilienea katika miji mingi ya Afrika Mashariki, na mahali pengine wazimamoto na gari lao walituhumiwa kwamba ndio wanaoifanya kazi hiyo. Mtu anaweza kumsahihisha mzee anayesimulia habari hizo kwa kumwambia kwamba gari lile lilibeba maji tu, na asiwe amejibu chochote. Mzee alikuwa anasema kwamba palikuwa na utawala uliozichukua nguvu za miili ya watu bila kuwauliza, kwa faida ambayo wao hawakuiona, na hakuna maneno yaliyoueleza utawala huo kwa usahihi kuliko kusema kwamba ulinyonya damu.

Nilipoirudia habari ya Krete nikiwa na fikra hiyo, sikutaka tena kujua Minotaur alikuwa nani. Nilitaka kujua ni watu gani, waliopatwa na jambo gani, ambao wangeona kwamba neno la kweli kuliko yote kuhusu nyumba fulani ya mfalme ni kwamba nyumba ile inakula watoto.

Jambo la kwanza lililonibidi nilipime ni kinywa kilichosimulia. Habari hii imetufikia kwa sehemu kubwa kutoka Athene, na Athene ilikuwa na haja nayo. Mnamo miaka ya 470 KK kiongozi wao Cimon alikwenda kisiwa cha Skyros, akarudi na mifupa mikubwa iliyofukuliwa pamoja na mkuki na upanga, ikapokewa mjini kwa shangwe kuwa ni mifupa ya Theseus. Kila mwaka Waathene walituma chombo kitakatifu kisiwa cha Delos kushukuru kwa wokovu wa wale vijana, na muda wote chombo hicho kilipokuwa safarini mji haukuruhusiwa kumuua aliyehukumiwa kifo; ndiyo maana Socrates, mwaka 399 KK, alikaa gerezani siku nyingi baada ya hukumu akisubiri chombo cha Theseus kirudi. Plutarch naye anakiri kwamba ni balaa kwa mtu kuchukiwa na mji wenye lugha na fasihi, kwa kuwa Minos alitukanwa katika majukwaa ya tamthilia ya Athene mpaka jina lake likachafuka, ilhali washairi wa zamani zaidi, Homer na Hesiod, walikuwa wamemtaja kwa heshima. Mwandishi wa leo anayemchora Minos kuwa dhalimu bila kuliangalia hilo anaendeleza kazi ya majukwaa yale.

Lakini Krete nayo iliacha sauti yake, na hapa ndipo nilipotumia muda wangu mwingi. Huko Knossos, karibu na mji wa Heraklion, mfanyabiashara wa hapo aliyeitwa Minos Kalokairinos alichimba mwaka 1878, na kuanzia mwaka 1900 Arthur Evans, Mwingereza, akalifukua jumba kubwa lenye vyumba na korido nyingi mno, pamoja na vibao vya udongo vyenye maandishi. Vibao hivyo havikuchomwa tanuruni. Vilikusudiwa kutumika kwa muda mfupi kisha kufinyangwa upya, na vimesalia kwa sababu moto ulioteketeza jumba uliviivisha. Mwaka 1952 Michael Ventris alitangaza kwamba maandishi ya aina ya pili yaliyotumika Knossos, yanayoitwa Linear B, ni Kigiriki cha kale sana. Yale ya aina ya kwanza, Linear A, bado hayasomeki. Maana yake ni kwamba katika siku za mwisho za jumba lile wenye kuhesabu mali walikuwa wakiandika Kigiriki, na ule mpaka safi ambao kisasili kinauchora kati ya Wayunani waliodhulumiwa na Wakrete wadhalimu haukuwa safi hivyo.

Hakuna utenzi katika vibao hivyo, wala maombi, wala barua ya mapenzi. Kuna orodha: kondoo kwa makumi ya maelfu, manyoya, mafuta, magurudumu ya magari ya farasi. Kimoja kinaandika chombo kimoja cha asali kwa miungu yote, na chombo kingine kimoja cha asali kwa Bibi wa Labyrinth, jina ambalo Wayunani waliliita lile jumba la vichochoro. Sikuamini macho yangu nilipokisoma kwa mara ya kwanza. Mahali ambapo Athene ilimweka zimwi, karani wa Knossos alimwandikia bibi anayeheshimiwa, mwenye kupelekewa asali kiasi kile kile walichopelekewa miungu wengine wote kwa pamoja.

Vibao vingine viliibadilisha riwaya yangu moja kwa moja. Knossos kuna orodha ya maksai wa kulima, na wamo humo kwa majina yao: mmoja ni Kelainos, yaani mweusi, mwingine Aiwolos, mwenye rangi ya madoadoa. Mtu fulani alikuwa akiwaita wanyama hao kwa majina, na karani akaona inafaa kuyaandika. Sasa chukua kibao kutoka Pylos, jumba la Ugiriki bara ambalo vibao vyake vilianza kufukuliwa na Carl Blegen mwaka 1939. Kinasema: wanawake wa Knidos 21, wasichana 12, wavulana 10. Posho yao ya nafaka na tini imeandikwa katika kibao kingine. Knidos iko ng'ambo ya bahari, katika pwani ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Wanawake hao na watoto wao walikuwa watu wa jumba, waliolishwa kwa kipimo, na vibao vya namna hiyo vinawataja wengine kwa kazi zao za kusaga nafaka, kusokota na kufuma. Wanaume wazima hawamo katika hesabu yao. Majina yao pia hayamo.

Pylos si Knossos, na Knidos si Athene. Nimejikataza kuyafanya yawe kitu kimoja. Lakini yanatosha kuonyesha kwamba katika ulimwengu ule palikuwa na majumba yaliyovusha watu bahari, wengi wao wanawake na watoto, na kuwaingiza katika kazi ambayo mwisho wake hautajwi. Na tazama: Plutarch anasema kwamba mwanafalsafa Aristotle, katika maandiko ambayo kwetu yamepotea, hakuamini kwamba wale vijana waliuawa na Minos. Aliona kwamba walizeekea Krete wakitumika kama watumwa. Kwa wazazi waliobaki pwani ya Attica, nchi ya Athene, wakitazama tanga likiishilia, kulikuwa na tofauti gani kati ya kuliwa na kutorudi?

Hapo niliwasomea kikundi cha wapenzi wa fasihi sura za mwanzo, zilizomhusu zaidi Theseus. Mama mmoja mtu mzima alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, huyo mtoto wa mfalme tumemjua. Umesema ni kodi ya tatu. Wale wa kodi ya kwanza na ya pili wako wapi?" Nikamjibu, "Shikamoo mama, kisasili kinasema waliliwa." Akasema, "Marahaba. Lakini wewe umekwisha kutuambia hawakuliwa."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kodi mbili za mwanzo ni vijana 28. Kama Aristotle alikuwa na haki, basi siku Theseus alipotia nanga Krete, wa kodi ya kwanza walikuwa wamekwisha kukaa huko miaka 18. Msichana aliyekwenda na miaka 15 sasa ni mama wa miaka 33, anazungumza lugha ya Krete kuliko ya kwao, labda ana watoto ambao karani amewahesabu pamoja naye. Theseus alipoondoka usiku ule alikwenda na wenzake wa chombo chake. Wala sijakuta masimulizi yoyote ya kale yanayosema aliwatafuta wale wa kwanza. Nimemfanya mmoja wao awe msimulizi wangu. Anafanya kazi ya kufuma, na anajua majina ya maksai wote.

Yapo mafunzo niliyoyapata kwa macho, katika makumbusho ya Heraklion, mbele ya picha ya ukutani ya mchezo wa fahali. Fahali amenyooka katika mbio, miguu ya mbele imekunjuka mbele na ya nyuma imeachwa nyuma. Mtu mweupe ameshika pembe, mtu wa rangi ya kahawia amepinduka juu ya mgongo wake, na mweupe mwingine anangoja nyuma akiwa amenyoosha mikono. Ukiitazama kwa karibu unaona kwamba picha hiyo ni vipande. Vipande vya plasta ya kale vina mipasuko na rangi iliyokolea kwa uzee, na katikati yake kuna plasta laini ya karne ya 20 ambamo fundi ameendeleza mstari wa mgongo, wa mkia, wa mguu. Sehemu iliyojazwa si ndogo. Na bado aliyeijaza hakuificha: mwenye kutaka kujua kilipoishia kipande cha kale anaweza kuufuata ukingo wake kwa jicho.

Kule jumbani kwenyewe Evans alikwenda mbali zaidi. Alisimamisha nguzo nyekundu na nyeusi kwa saruji, akainua ghorofa, akawaajiri wachoraji wa familia ya Gilliéron kukamilisha picha, na leo mgeni anatembea humo asijue kwa urahisi mkono wa kale umeishia wapi na wa Evans umeanzia wapi. Wapo wataalamu wanaomlaumu vikali kwa hilo. Mimi nimejifunza kutoka kwa picha ya fahali zaidi ya nilivyojifunza kwenye nguzo zile. Katika muswada wangu naandika kwa wino wa rangi mbili: rangi moja kwa jambo ambalo kibao, mfupa au mwandishi wa kale ananiunga mkono, na nyingine kwa nililolijaza mwenyewe. Msomaji hataziona rangi hizo kitabuni, lakini zinanilazimisha nijue, katika kila aya, nasimama juu ya plasta gani, na sehemu ya pili inapokuwa ndefu mno bila kugusa ya kwanza huwa naikata.

Ushahidi nao una haki ya kukataa kumpendeza mwandishi. Nilikwisha kuupenda ule ukweli wa Aristotle, wa utumwa usio na zimwi, nilipofika kwenye matokeo ya mwaka 1979. Katika mwaka huo huo mmoja Yannis na Efi Sakellarakis walifukua jengo la Anemospilia, kwenye mteremko wa mlima Juktas kusini mwa Knossos, lililoporomoshwa na tetemeko karibu mwaka 1700 KK, wakakuta mifupa ya kijana juu ya kitu kinachofanana na madhabahu, na juu yake bapa la shaba nyeusi. Wao wakaamini kwamba kijana yule alichinjwa kuwa kafara. Pale Knossos, Peter Warren alikuta mifupa ya watoto wa miaka ya 1450 KK hivi, yenye alama za kisu. Wapo wanaosema ni kafara, na wapo wanaosema ni desturi ya kushughulikia maiti kabla ya maziko ya pili. Mabishano hayajaisha.

Basi inawezekana kwamba masimulizi ya Athene yalikuwa na kumbukumbu ya kweli zaidi ya wale wajuzi waliotaka kuyasafisha. Sikuwa na haki ya kuifuta mifupa ile kwa sababu riwaya yangu ingependeza zaidi bila yake, wala sikuwa na haki ya kuwatia Wakrete hatiani kwa jambo ambalo wachimbaji wenyewe wanabishania. Katika sura niliyoiandika baada ya hapo, ardhi inatetemeka kwa siku kadhaa, mmoja wa vijana anaitwa kupandishwa mlimani, na msimulizi wangu anaambiwa kwamba amepelekwa kuchunga. Anaamini nusu. Wasomaji wawili wa rasimu wameniomba niseme wazi kilichompata, na nimekataa, kwa kuwa msimulizi hana namna ya kujua na mimi pia sina.

Sehemu ninayoiandika sasa inatoka tena katika yale maneno ya Aristotle. Plutarch anaeleza kwamba baadaye Wakrete walituma watu Delphi, mahali patakatifu pa Wayunani, kutimiza nadhiri ya zamani, na katika waliotumwa walichanganyika wazao wa wale Waathene. Waliposhindwa kujipatia riziki huko walivuka kwenda Italia, wakakaa sehemu ya kusini iitwayo Iapygia, kisha wakahama tena mpaka Thrakia, kaskazini mwa nchi ya Wayunani, wakaitwa Wabottia. Na wasichana wa Bottia, anasema, walipotoa sadaka yao fulani walikuwa wakiimba: twendeni Athene. Huenda ni habari iliyobuniwa ili kuueleza wimbo ambao asili yake ilisahauliwa. Mimi naiandika kwa ile rangi ya pili, isipokuwa wimbo wenyewe. Mjukuu wa msimulizi wangu ndiye anayeuanzisha. Hajawahi kuiona Athene, na katika rasimu ya sasa anamuuliza bibi yake kama huko nako kuna maksai wenye majina.